Njia Iliyoanzia Mlangoni Pangu

Katika miaka ya mwisho ya maisha yake, mama yangu alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto kutafuta chumvi, na mkono ukigusa ukuta. Tulikuwa tumemtoa katika nyumba ya reli, ile ambayo baba alipewa alipokuwa fundi wa mabehewa, tukamleta kwangu, penye jiko pana zaidi na dirisha linaloelekea macheo. Chumvi niliiweka upande wa kulia, mahali panapoonekana. Hata hivyo, kila alipopika, mkono wake ulirudi kushoto, kwenye rafu iliyobaki mbali kule katika safu ya nyumba za reli, ukatulia juu ya chokaa kwa muda mfupi kama mtu aliyebisha hodi na kusubiri. Sikuwahi kumcheka. Wala sikuwahi kufikiri kwamba mkono ule ulikuwa na jambo la kunifundisha mimi, niliyekuwa nimewafundisha wengine kwa miaka ishirini.

Niliacha ualimu wa sekondari katika umri ambao wenzangu walianza kuhesabu miaka ya pensheni, nikaingia katika kazi ya kutengeneza tovuti. Nilihamia huko na tabia zangu zote za darasani: ukali, mapenzi ya mpangilio, na imani kwamba kila kosa lina mwenyewe na kwamba mwenyewe lazima asimame na kulitaja. Imani hiyo bado ninayo. Ninaandika haya kwa sababu kuna siku mbili ambazo niliihubiri bila kuitii.

Tovuti yangu ya kwanza niliitengeneza kwa ajili ya familia zetu za kaskazini mwa Katanga, wana na wajukuu wa watu wa reli na wa migodi waliobaki Lubumbashi baada ya wazee kustaafu. Hutangaza humo misa, vilio vya misiba, harusi, na siku za safari kwa wale wenye ndugu mbali. Kwa kazi hiyo niliandika sehemu ndogo ya msimbo, yaani maagizo kwa kompyuta, niliyoiita kalenda. Unaipa tarehe, nayo inakujibu siku inayofuata ya misa au ya safari, ikikumbuka sikukuu, na ikijua kwamba katika majira ya mvua gari la kwenda ziwani halifiki siku lililoahidi. Niliipenda kalenda ile kupita kiasi. Ilikuwa fupi, safi, na haikusema neno la ziada, sifa ambazo sijawahi kuzipata kwa mwanafunzi yeyote.

Mwenzangu wa kazi ni mama wa watoto wawili anayekaa Kasungami, kando ya mashamba. Zamani aliuza vocha za simu katika kibanda cha mbao, akajifunza kazi hii peke yake kwenye kompyuta iliyokwisha tumiwa na watu wengine, kisha akanijia nimnyooshe palipopinda. Aliniita Prof tangu siku ya kwanza, na alikuwa akikicheka Kiswahili changu.

— Prof anasemaka kama Biblia, aliwaambia watoto wake. Musiogope, ni muntu tu.

Mwaka huo alikuwa amempata mteja wake wa kwanza bila jina langu kutajwa: mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori yanayopeleka bidhaa na abiria hadi Kilwa, ile yetu ya kando ya ziwa. Mzee huyo alitaka ukurasa wa tovuti unaoonyesha siku za safari, ili watu wasije kulala kwenye magunia mbele ya geti lake wakingoja gari ambalo halitoki. Alimwambia waziwazi: Ijumaa asubuhi, kabla malori hayajapakiwa, ataufungua ukurasa kwenye simu yake mwenyewe. Ukifunguka, kazi ni yake yule mama, na kazi nyingine zitafuata. Usipofunguka, ataiandikia barua pepe familia yake ya Lusaka, ambako ana mpwa anayejua mambo hayo.

Mwenzangu alitaka kuinakili kalenda yangu na kuibandika katika mradi wake. Ni jambo la dakika moja. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba kunakili msimbo ni kuzaa mapacha na kumlea mmoja tu: utasahihisha kosa huku, na kule litaendelea kuishi bila wewe kujua. Hilo ni kweli na bado nalisema. Kisha, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika ndani ya mradi wake mstari ulioiita kalenda kutoka mahali ilipokaa: panda folda mbili, ingia katika mradi wa jirani, chukua. Kwenye kompyuta yangu ilitii mara moja. Kwenye kompyuta yangu miradi yote imekaa ubavu kwa ubavu, kama zile nyumba za reli ambazo mtu aliweza kuingia jikoni kwa jirani akiwa amefumba macho.

Jumatano, karibu saa sita za mchana, alinipigia simu.

— Prof, iko inakatala.

— Nini kinachokataa?

— Kalenda. Inasema module haiko. Nimetafuta, haiko kabisa.

— Ipo. Ninaiona hapa mbele yangu.

— Kwako iko, Prof. Kwangu haiko.

Sentensi hiyo ilikuwa na jibu lote ndani yake, nami niliipita kama mtu anavyolipita duka alilolizoea. Nilimwambia atafute vizuri. Nilimwambia kwamba mashine haina chuki na mtu, na kwamba asiyefuata maelekezo asishangae asipofika. Nilitumia sauti ile ya ubaoni.

— Bon. Nitatafuta tena.

Jioni hiyo aliniandikia kwamba mzee wa malori hakuwa na subira: alikwisha kuujaribu ukurasa kwenye simu yake, akakuta weupe mtupu, akamuuliza kama alicholipia ni karatasi tupu. Siku iliyobaki ilikuwa Alhamisi peke yake.

Alhamisi mchana nilimsindikiza dada yangu hadi uwanja wa ndege wa Luano. Alipokwisha kuingia nilisimama kidogo nje, chini ya mbingu ile ya kabla ya mvua ambayo hapa kwetu huwa na rangi ya bati lililotumika, na badala ya kurudi mjini niliamua kwenda moja kwa moja Kasungami, kumwonyesha mwenzangu kosa lake. Nilisema hivyo hivyo moyoni: kosa lake. Nilikuwa sijafika kwake hata siku moja. Sikuzote ndiye aliyekuja kwangu. Nilimwomba maelekezo, akanitumia kwa sauti:

— Ukishuka, unakamata kushoto pa palissade ya bleu. Unapita pompe ya mayi, unahesabu nyumba tatu, ya ine iko na mulango ya rangi nyekundu. Huwezi kupotea, Prof, hata mutoto anafikaka.

Dereva wa teksi alipitia njia za nyuma ambazo sikuzijua, akaniteremsha mahali alipopaita Kasungami, akaenda zake. Ua wa buluu ulikuwepo. Nilishika kushoto. Sikuona pampu yoyote, lakini nilihesabu nyumba tatu kwa uaminifu, na pale ilipopaswa kuwa ya nne palikuwa na shamba la mahindi.

Nilisimama mbele ya shamba lile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, na upepo ulikuwa ukiyalaza yote upande mmoja kisha kuyaachia, polepole, kama mtu anayepitisha kiganja juu ya manyoya. Udongo mwekundu wa njia ulikuwa umeanza kuwa na madoa ya matone ya kwanza. Juu, nyuma ya mawingu, ndege ilikuwa ikinguruma, labda ya dada yangu, na sauti yake ilitoka upande ambao sikuutazamia, hivi kwamba kwa kitambo sikujua tena mji uko wapi wala mimi nimeupa mji uso au mgongo. Sikuogopa. Ilikuwa hali karibu tamu, kama ile ya kuamka mchana katika chumba cha ugenini na kusubiri kuta zirudi mahali pake. Nikajikuta nimenyoosha mkono mbele yangu, mkono wa kushoto, kuelekea mlango mwekundu ambao haukuwapo.

Mwanamke aliyekuwa akilima ukingoni mwa shamba aliinua mgongo akanitazama.

— Papa, unatafuta nani?

Nilimweleza. Niliyarudia maelekezo neno kwa neno: kushoto, pampu, nyumba ya nne. Alisikiliza huku akiegemea jembe, halafu akacheka bila ubaya wowote.

— Ile njia ni ya bale banatoka mu ville. Weye umetokea ngambo ingine. Kushoto yake iko kuume yako.

— Lakini hakuniambia nianzie mjini.

— Angekuambia namna gani? Yeye anatokaka kule kila siku. Anazani bantu bote banatoka kule.

Hivyo ndivyo tunavyoelekezana katika mji huu. Hatusomi namba za nyumba. Tunasema mbele ya kanisa, nyuma ya mashine ya kusaga, kushoto pa ua wa buluu, na hatusemi kamwe mahali tulipokuwa tumesimama tulipoanza kusema. Mkono wangu ulikuwa bado haujashuka. Nikauona mkono wa mama yangu juu ya chokaa. Kisha nikauona mstari wangu, ule niliouandika kwa kiburi ndani ya mradi wa mtu mwingine: panda folda mbili, ingia kwa jirani, chukua. Panda kutoka wapi? Jirani wa nani? Njia ile yote ilianzia mlangoni pangu. Nilikuwa nimempa mwenzangu maelekezo yasiyoweza kufika isipokuwa kwa mtu anayeishi ndani ya kompyuta yangu, kisha nikamkemea kwa kuwa alipotea.

Nilimshukuru yule mkulima, nikageuka, nikashika kulia, nikaikuta pampu, nikaukuta mlango mwekundu.

Mwenzangu alikuwa barazani, chini ya bati, kompyuta juu ya meza ya plastiki, na waya wa paneli ya jua ukishuka kutoka paani. Watoto walikuwa shuleni. Alinipa kiti, akavitazama viatu vyangu vilivyojaa udongo.

— Prof amelima?

— Nimepita shambani. Nionyeshe mahali unapoweka kazi zako.

Alinionyesha. Kila mteja alikuwa na folda yake, na ndani ya folda hiyo mradi, barua, na picha, kila kitu kwa jina na tarehe. Ulikuwa mpangilio bora kuliko wangu, na kwa sababu ulikuwa bora, kupanda folda mbili kutoka pale hakukufikisha kwa jirani yeyote, kulifikisha hewani. Nikamwuliza ni nini alichokituma kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayowapa watu kurasa. Akasema, mradi wa malori tu, ungekuwa nini kingine? Basi kule nako hapakuwa na jirani. Hata kama kompyuta yake ingekuwa pacha wa yangu, ukurasa ungebaki mweupe.

— Tutabadilisha, nilisema.

— Kosa ilikuwa fasi gani?

— Tuendelee kwanza na kazi.

Aliniangalia kwa upande. Nataka iandikwe hapa kwamba niliulizwa waziwazi kosa liko wapi, mchana, na mtu aliyekuwa na haki ya jibu, nami nikainamia kibodi.

Mvua ilifika. Ilipiga bati kwa nguvu hivi kwamba tulifanya kazi karibu bila maneno, kwa vidole na kwa macho, na dunia nje ya baraza ikayeyuka: ua, pampu, mahindi, vyote vikawa rangi moja ya kijivu inayotembea. Tuliitoa kalenda katika tovuti ya familia. Tuliipa nyumba yake yenyewe, folda isiyo ya mteja yeyote, na ndani yake tukaandika faili fupi ya utambulisho: jina lake, namba ya toleo lake, na mlango mmoja ambao wageni wataingilia. Halafu tukaifunga yote kuwa kifurushi kimoja, tukakiweka ndani ya mradi wa malori, ili popote mradi utakaposafiri, kifurushi kisafiri nao. Mwisho tukaufuta mstari wangu. Badala ya kusema panda, ingia, chukua, mradi sasa uliiita kalenda kwa jina lake.

Alinisogelea ili nimsikie juu ya mvua.

— Prof, hii si kukopiya?

— Hapana. Hakuna atakayeigusa kalenda ikiwa ndani ya kifurushi. Tukitaka kusahihisha, tutasahihisha kule nyumbani kwake, tutaipa namba mpya, na kila mradi utapokea namba hiyo. Ni nakala inayojua ilikotoka.

— Alors, kukopiya imebatizwa.

Nilicheka bila kutaka.

Tukajaribu. Mashine ikakataa tena, kwa kosa lingine. Kalenda ilipatikana, lakini yenyewe, ndani ya tumbo lake, ilikuwa bado inanyoosha mkono kwenda kuchukua orodha ya sikukuu katika tovuti ya familia. Nilikuwa nimeisahau orodha hiyo kwa sababu sikuzote ilikuwa pale, upande wa kushoto. Yeye ndiye aliyeiona kwanza; aliweka kidole juu ya kioo, bila kusema. Tulichukua muda kuiachisha kalenda tabia hiyo. Tangu wakati ule haiendi kutafuta chochote nyumbani kwa mtu. Anayeiita ndiye anayeiletea orodha yake mwenyewe: familia sikukuu zao, mzee wa malori siku zake.

Mvua ilipopungua hadi kubaki sauti ya matone kutoka kwenye ukingo wa bati, alituma kila kitu kwenye seva kwa mtandao wa simu yake. Tulingoja. Ukurasa ulifunguka sehemu kwa sehemu, juu kwanza, kama mtu anayepanda ngazi kutoka chini ya maji, na katikati yake yakatokea maneno: safari inayofuata ya Kilwa, Ijumaa. Hakupiga kelele. Alifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na maji, akaingia ndani kupika chai.

Ijumaa asubuhi tulikuwa uani kwa mzee wa malori. Mwenzangu ndiye aliyeniomba niende naye, na nilijua sababu: ukurasa ukigoma, mvi zangu zingesema neno. Magunia ya unga na mafungu ya ndoo za plastiki yalikuwa yamepangwa kando ya gari, na abiria wa ziwani walikuwa wamekalia mizigo yao katika jua jepesi, watulivu, kama watu waliokwisha kuanza safari ndani ya vichwa vyao. Mzee alitoa simu, akavaa miwani, akafungua. Ukurasa ukaja. Akabonyeza Kilwa, akabonyeza tarehe ya juma lijalo, akabonyeza sikukuu ili kuutega, ukamjibu sawasawa. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akavua miwani na kumgeukia mwenzangu, si mimi.

— Iko muzuri, mama. Lakini ile Jumatano ilikuwa karatasi nyeupe. Mimi naweza kukupatia kazi ya depot yote, stock, magari, yote. Kwanza niambie: ile siku uliharibu nini?

Niliona mabega ya mwenzangu yakishuka kidogo. Alifungua mdomo.

— Papa, unisamehe, ni mi nili…

Alikuwa karibu kulibeba kosa langu. Lugha yetu ya heshima humfanya mdogo abebe mzigo wa mkubwa mbele ya watu, na mkubwa hutakiwa tu kunyamaza. Kunyamaza hakumgharimu kitu, na kesho yake wote wawili husema ilikuwa adabu. Sekunde ile ilikuwa ndefu na laini. Ningeweza kulala ndani yake. Abiria mmoja alikuwa akifunga kamba ya godoro, nami nikawa nautazama mkono wake ukipitisha kamba, ukivuta, ukipitisha tena.

— Hakuharibu yeye, nilisema. Mimi ndiye niliyeandika njia ambayo ingefika kwangu tu. Alinieleza mapema, sikumsikiliza. Nikamgombeza juu ya kosa langu.

Mzee alinitazama, akamtazama yeye, akanirudia.

— Prof na yeye anapoteaka?

— Jana alipotea mpaka mu mahindi ya bantu, alisema mwenzangu.

Mzee alicheka hadi akashika mlango wa lori. Alipomaliza alisema neno lake kwa uungwana, lakini alilisema: kuanzia sasa kuhusu kazi zake atazungumza na huyu mama moja kwa moja, maana ndiye anayejua mahali vitu vilipo. Kazi ya ghala, ambayo kwa siri nilidhani tutaigawana, ikawa yake peke yake, na hukumu ile ilikuwa ya haki. Lilipokwisha kupakiwa, lori la Kilwa likatoka getini likiyumba, watu juu ya mizigo wakashika kamba, na harufu ya udongo wenye mvua ikaingia mahali liliposimama.

Njiani, tulipokuwa tukingoja teksi, mwenzangu aliniuliza mbona sikusema jana, barazani, alipouliza.

— Niliona aibu.

— Mbele yangu mi? Mi nilishajua, Prof. Tangu ulipoangalia ma folder yangu, ukanyamaza.

Juma lililofuata nilimpa funguo za tovuti ya familia, ile ya kwanza, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa isipokuwa mimi, nikamwomba aisome yote kuanzia mwanzo, kama mtu asiyejua nyumba. Alikuja kwangu asubuhi, akakaa katika jiko langu kwa sababu ndiko kwenye mwanga, akaweka kompyuta karibu na ukuta ule wa kushoto. Mimi nilikuwa nikikorogea chai sukari na kujifanya ninasoma gazeti.

— Prof, alisema bila kuinua macho. Iko njia ingine hapa, inaanzia kwako.

Nikaja na kiti.

— Na hapa. Na hapa tena.